Usimcheke Anayeuliza



Mvua ya Tukuyu ikianza, mgeni hana budi kutulia alipo. Hivyo ndivyo nilivyojikuta jikoni kwa bibi mmoja wa ushirika wetu, nikiota moto, huku sufuria ya maharage ikichemka mekoni tangu asubuhi. Mjukuu wake, binti anayesoma fizikia chuo kikuu, alikuwa likizo. Alikaa juu ya kigoda akimenya ndizi. Bibi akaanza kunung'unika, ingawa si kwa hasira. Kwa mwanawe aliyeolewa Kyela, alisema, maharage haya haya huiva upesi. Huku kwetu kuni zinakwisha na maharage bado magumu. Ni maji ya mlimani, au ni mbegu?

Binti hakucheka. Aliweka kisu chini, akasema, "Bibi, umeuliza swali la fizikia kabisa."

Akaeleza taratibu. Tukuyu iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama ya bondeni, kwa hiyo maji huchemka mapema, kwenye nyuzi joto 95 hivi, kabla hayajafika 100. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, yanafika 98. Tofauti ni ndogo, ila maharage yanaijua. Kisha akasema jambo lililomfanya bibi ageuke kumtazama: maji yakishachemka, kuongeza kuni hakuyaongezei joto. Yanaishia kuwa mvuke kwa haraka zaidi, na kuni zinateketea bure. Loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, punguza moto, yaache yatokote. Bibi akavuta ukuni mmoja nje ya meko. "Ndaga fijo, mwanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa.

Nilimwuliza binti yule anaionaje sayansi katika maisha yetu ya kila siku. Akajibu, "Baba Mchungaji, watu wakisikia sayansi na teknolojia wanafikiria simu na kompyuta. Mimi naiona kwenye sufuria ya bibi. Naiona hata kwenye soda." Akanikumbusha kwamba wilayani mwetu, upande wa mlima Kyejo, gesi ya kaboni dioksidi hupanda kutoka chini ya ardhi ya volkano, nayo huvunwa na kutiwa katika vinywaji. Ni mlima uliotoa uji wa moto miaka 200 hivi iliyopita, na leo pumzi yake inatoa povu kwenye chupa za sherehe zetu. Halafu akanyamaza kidogo. Alipoendelea alisema kwamba wengi aliosoma nao shule ya msingi walikuwa na maswali mazuri kuliko yake, lakini waliacha kuuliza, kwa sababu kuna siku waliuliza wakachekwa.

Neno hilo nimelibeba wiki nzima. Limenipeleka kwa Erasto Mpemba, ambaye kila mwanafunzi wa fizikia nchini mwetu angefaa kumjua.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombaniwa. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake aliweka maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu walifungua friji, wakakuta ya Mpemba yameganda na ya mwenzake bado uji. Akamwuliza mwalimu wa fizikia imekuwaje. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Baadaye, akiwa likizoni Tanga mjini, alikutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu. Rafiki huyo alimwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto, kwa sababu huganda upesi. Fikiri jambo hilo, mpendwa. Wauza aiskrimu mjini walikuwa wakilitumia kila siku jambo ambalo darasani lilisemwa haliwezekani.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena. Safari hii mwalimu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya watu wote. Tangu hapo, kila alipokosea hesabu, wenzake walimtania kwa maneno ya namna hiyo. Jina lake lenyewe likawa dhihaka. Umewahi kupitia hapo? Umewahi kusema jambo uliloliona kwa macho yako, nyumbani, kikaoni au hata kanisani, watu wakacheka, na tangu siku ile ukachagua kunyamaza?

Mpemba hakunyamaza. Mwanafizikia Denis Osborne alipokuja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, kijana alisimama akauliza swali lile lile: kwa nini maji ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda kabla ya yale ya nyuzi 35? Wenzake wakaona amewaaibisha. Osborne hakuamini alichoambiwa. Hakumwambia kijana kwamba yuko sahihi, wala hakumwambia amechanganyikiwa. Alirudi Dar es Salaam akamwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, na kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Walirudia, na majaribio yakaendelea kuwa upande wa kijana. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la Physics Education. Leo ulimwengu wote wa sayansi unaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, jina lile lile lililokuwa likichekwa darasani.

Ningeweza kuishia hapo tukashangilia, lakini nataka tukae kidogo. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hili. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa makini wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huganda mapema. Wengine wanashikilia kwamba hutokea, katika hali fulani. Je, Mpemba akija kuonekana alikosea, Osborne atakuwa amepoteza muda wake? Mimi nasema hapana. Upendo haumsikilizi mtoto kwa sababu tayari una hakika kwamba yuko sahihi. Unamsikiliza kwa kuwa ni mtoto, na amekuja kwako na kitu alichokiona. Usahihi utapimwa baadaye, na upimwe kwa ukali wote unaostahili.

Tumeliona hili hata hapa kwetu. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kipunji, kima wa msitu wa mlima Rungwe, na walikuwa na jina lake. Watafiti walipoyasikia masimulizi hayo mwaka 2003 wangeweza kuyaita hadithi za jioni. Waliingia msituni wakatafuta. Mwaka 2005 kipunji akatangazwa duniani.

Namfikiria pia mzee Eli, katika 1 Samweli sura ya 3. Mtoto Samweli alimjia usiku akidhani ameitwa na yeye. Eli akamrudisha akalale, mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu ndipo alipotambua kwamba ni Bwana aliyekuwa akimwita mtoto, akamfundisha namna ya kuitika. Kinachonifariji hapo ni kwamba Eli hakuchelewa mno. Mzazi au mwalimu aliyemrudisha mtoto mara mbili bado anayo mara ya tatu.

Na wewe uliyechekwa? Kusamehe si kusema kwamba haikuuma. Ilikuuma. Kusamehe ni kukataa kumwachia aliyekucheka mwaka ule uamuzi wa lini utafungua kinywa chako leo. Inawezekana alikuwa mwalimu aliyechoka, au mzazi ambaye naye alinyamazishwa alipokuwa mdogo. Mkabidhi kwa Mungu, kisha uliza tena swali lako, kwa upole, kama Mpemba alivyouliza kwa mara ya tatu.

Wiki hii, mtoto akikuuliza jambo linaloonekana la ajabu, kaa naye mlijaribu pamoja. Kama huna jibu, mwambie huna. Na kama kuna mtu nyumbani mwako uliyewahi kulicheka swali lake, mfuate kabla ya Jumapili, umwombe radhi, umwulize lilikuwa swali gani.