Je, Picha Yaweza Kuwa Shahidi?

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jueni, ndugu zangu, ya kuwa ushahidi ni amana, na mwenye kuuficha hupata dhambi. Hili halina hitilafu. Walakini limezuka swali ambalo wazee wetu hawakulikuta: je, picha ya sinema yaweza kuwa shahidi?

Tarehe 15 Aprili 1945 askari wa Kiingereza waliingia Bergen-Belsen, kambi ya Manazi katika nchi ya Ujerumani. Walikuta wafungwa kiasi cha 60,000, wengi wao Mayahudi, wamedhoofu kwa njaa na maradhi, na maelfu ya maiti hawakuzikwa. Wapiga picha wa jeshi wakayapiga hayo yote. Na tarehe 29 Novemba mwaka ule ule, katika mahkama ya Nuremberg, Waamerika walionyesha sinema ya kambi hizo, na wakuu wa Kinazi wamekaa kizimbani wanatazama.

Lakini angalieni: sinema ile haikuletwa peke yake. George Stevens, aliyesimamia upigaji wake, alikula yamini kwa maandishi kwamba picha hazikugeuzwa. Na fundi mwengine aliapa kuwa amezikagua filamu za asili, kiasi cha futi 80,000, ambazo humo zilitolewa futi 6,000 za kuonyeshwa.

Basi jawabu ni hili. Picha haiapi, wala haimwogopi Mungu. Ni kama hati: hukubaliwa kwa uadilifu wa mwandishi wake na mashahidi wake. Shahidi ni yule mtu asimamaye nyuma yake akasema: nilikuwapo, nikaona, wala sikuzidisha.

Huenda mtu akasema: maiti ana hishima yake, vipi afunuliwe mbele ya watu? Neno hili ni la haki, na mwenye kuyatazama hayo kwa kujifurahisha amekosa. Lakini tabibu humfunua mgonjwa kwa dharura, kwa kadiri ya haja tu. Na mwenye kuificha maiti ya aliyedhulumiwa ili dhuluma isijulikane, hakumsitiri maiti, amemsitiri muuaji.

Waingereza nao walianza kutengeneza sinema yao mwaka 1945, wakaiacha kabla ya kwisha; haikukamilika ila mwaka 2014. Wangapi walioteswa walikufa katika muda huo, na ushahidi wao umo ghalani!

Na leo, ambapo mashine zaweza kuunda picha ya jambo lisilokuwa, wako wakanushao hatta yaliyoapiwa, na wako katika sisi wasemao: hayo ni ya Mayahudi na Wazungu, yatuhusu nini? Ndugu zangu, haki haina kabila. Mwislamu hukagua habari kabla ya kuisadiki; lakini ikisha kuthibiti, kuikataa kwa sababu ya chuki ni kushuhudia uwongo. Na ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.