Je, Nabii Isa a.s. Alizaliwa Desemba 25?

Ndugu msomaji, ikiwa umekulia katika nyumba ya Kikristo, basi kila ifikapo Krismasi mama yako hukungoja mezani, nawe wahangaika moyoni: je, niende?

Kwanza itazame siku yenyewe. Hakuna hata moja katika Injili nne itajayo tarehe aliyozaliwa Nabii Isa a.s. Luka (2:8) aeleza ya kuwa usiku ule wachungaji walikuwa makondeni wakilinda kundi lao. Na Desemba katika vilima vya Bethlehemu ni mwezi wa baridi na mvua. Kurani Tukufu nayo, katika Sura Maryam, yataja tende mbivu zilizomwangukia Bibi Mariamu, na tende za nchi zile huiva mwishoni mwa majira ya joto. Desemba 25 twaikuta kwanza katika kalenda ya Roma iliyokusanywa mwaka 354. Kanisa la Kitume la Armenia hata leo hushika Januari 6. Na Bunge la Uingereza liliipiga marufuku sikukuu hii mwaka 1647, kwa kuwa haikuamriwa katika Biblia. Hao hawakuwa Waislamu!

Lakini usimwendee mama yako na tarehe hizi kana kwamba umeshika fimbo. Sura Luqman yatuamuru kukaa kwa wema na wazazi wasio wa dini yetu. Nenda ukamsalimu, ule kilicho halali. Akikuuliza kwa nini huimbi pamoja nao, mwambie kwa upole kwamba wampenda Isa a.s. kama nabii, wala humwabudu. Akiuliza habari ya tarehe, mfungulie Luka, asome mwenyewe.