Nani Mwenye Ufuo?

Msafiri atokaye Mombasa akalivuka daraja la Nyali na kuishika barabara ya kaskazini iendayo Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi, huipita miji na vijiji ambavyo, ingawa vimeungwa na lami moja na kulishwa na bahari moja, kila kimoja kina tarehe yake na heshima yake: Mtwapa na mkono wake wa bahari, Kikambala, Vipingo na mashamba yake ya mkonge, Takaungu, walikohamia watu wa ukoo wa Mazrui baada ya kuangushwa Mombasa na Sultani Sayyid Said mwaka 1837, Kilifi, yenye daraja lililofunguliwa mwaka 1991 likakomesha zama za feri, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke mkono wa kushoto, na Gede na Watamu mkono wa kulia, hata afike Malindi, ambako nguzo ya Vasco da Gama ingali imesimama juu ya mwamba ukabiliao mawimbi. Safari hii husifiwa sana kwa uzuri wake, na sifa hizo ni za haki. Walakini mwenye kuiangalia kwa makini hatakosa kutambua kwamba katika mwendo wote huo bahari, ambayo ndiyo sababu ya kuwapo kwa miji hiyo, haionekani ila kwa nadra, pale gari lipitapo juu ya daraja; na penginepo pote ipo karibu tu, lakini nyuma ya mashamba, na nyuma ya kuta, na nyuma ya mageti ya chuma.

Ni kuta hizo zilizonipeleka katika suala ambalo kwa sura yake ni la wapima ardhi na mawakili, lakini kwa undani wake ni la dini na la falsafa: je, mwanadamu aweza kuumiliki ufuo? Na kama hawezi, yule aliyeuzungushia ukuta ana nini mkononi mwake?

Jibu la swali la kwanza, ajabu yake, halina khitilafu kubwa baina ya mataifa. Sheria za Warumi, zilizokusanywa kwa amri ya Mfalme Justinian katika karne ya 6, zilihesabu hewa, maji yapitayo, bahari na fuo zake kuwa ni vitu vya watu wote, na mpaka wa ufuo zikauweka pale yafikapo mawimbi makubwa kabisa ya majira ya baridi. Katika Uislamu imepokewa kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba watu ni washirika katika mambo matatu, nayo ni maji, malisho na moto. Na mafakihi wakafahamu kutokana na hayo kuwa bahari haina mwenyewe, na kwamba mtu humiliki samaki aliyekwisha kumvua, wala hamiliki samaki aliye majini wala maji yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika Ibara ya 62, imeihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Warumi, mafakihi na wanasheria wa leo, waliotengana kwa dini, kwa lugha na kwa karne nyingi, wamekutana katika neno moja. Nami sioni kuwa ni sadfa, kwani mahali ambapo Mwenyezi Mungu hupajaza na kupatoa maji mara mbili kwa siku, mwanadamu hawezi kuweka mipaka yake ikakaa, na akili ya kila kaumu imeliona hilo kwa macho yake.

Basi ugomvi uko wapi? Uko katika ardhi iliyo juu ya alama ya maji, na hapo historia ya mwambao wetu imeacha jeraha. Mwaka 1895 Waingereza walishika utawala wa ukanda wa maili kumi kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar. Na mwaka 1908 wakatoa sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai shamba au kiwanja alete dai lake na ushahidi wake, na kisichothibitishwa kikawa ni mali ya Serikali ya Kiingereza. Waliokuwa na karatasi, au waliojua njia ya kuzipata, waliandikiwa. Ama wale waliolima kwa mila na kwa kujuana, ambao aghalabu walikuwa Wamijikenda, walijikuta ni maskwota juu ya udongo walimozikwa babu zao. Tangu hapo kiwanja kikauzwa na kuuzwa tena, mpaka kikaangukia kwa mtu aliyenunua kwa fedha zake halali, aliyeonyeshwa hati safi, asiyejua lolote la mambo hayo. Mtu huyu si mwizi. Ni lazima niliseme hilo wazi, kwa kuwa hoja yangu haimhitaji awe mwizi.

Hebu na tushuke ufuoni siku ya bamvua, maji yanapokupwa mbali hata mwamba ukatokeza mgongo wake. Wanawake wako huko nje, kanga zimefungwa kiunoni, kila mmoja na kijiti chake cha chuma, wakichungulia kila tundu lenye maganda ya kaa mlangoni, kwani maganda hayo ndiyo yanayomfichua pweza. Na anayempata humtoa kwa kumzungusha na kijiti, akampiga juu ya mwamba mpaka alainike. Saa za kazi hii hazichagui mwenyewe, huchagua mwezi. Maji yakianza kurudi hana budi kuondoka, na pweza wake hana budi kumfikisha barabarani kwa mchuuzi kabla jua halijamharibu. Sasa njia yake ya kutoka ni kichochoro kati ya kuta mbili, upana wa mtu mmoja na ndoo yake, chenye vigae vya chupa juu ya ukuta huku na mchanganyiko wa taka na miba huku. Na mara nyingine asubuhi moja hukuta kichochoro hicho nacho kimetiwa geti. Nimemsikia bawabu akimwambia mzee aliyebeba dema begani, tena kwa adabu, “Shikamoo mzee, hapa siku hizi hapapitwi, zungukeni kule kwenye mvinje.” Mzee akaitikia marahaba, akatua dema lake, akasema, “Mwanangu, babako alikuwa akipita hapa na mimi.” Kuzunguka kwenyewe ni mwendo wa nusu saa juu ya mchanga. Bawabu alijua, na uso wake ulionyesha kuwa alijua. Lakini amri haikuwa yake.

Mafakihi wana kanuni moja ambayo kila mwanafunzi wa usuli huihifadhi mapema: lile ambalo wajibu hautimii ila kwalo, nalo ni wajibu. Sala haisihi bila udhu, basi kutafuta maji ya udhu nako kumewajibika. Nikiichukua kanuni hiyo na kuipeleka ufuoni, naona haina budi kuzaa ndugu yake katika mlango wa haki: lile ambalo haki haipatikani ila kwalo, nalo ni haki. Kumwambia mvuvi kuwa ufuo ni wake pamoja na watu wote, kisha kumwacha hana pa kupitia isipokuwa aje kwa kuogelea, ni kumpa jina la kitu na kumnyima kitu chenyewe. Tena dini yetu haikuliacha jambo la njia kuwa dogo. Kuondoa kero njiani kumehesabiwa kuwa ni katika tanzu za imani. Na ikiwa aondoaye mwiba amefanya tendo la imani, sijui tumwite nani yule aijengaye kero kwa saruji na nondo.

Najua hoja za upande wa pili, na si hoja za kupuuzwa. Mwenye nyumba husema kwamba njia ikiwa wazi huingia wezi, na kweli huingia. Mwenye hoteli husema kwamba wapishi wake, watunza bustani wake na mabawabu wake ni watoto wa vijiji hivi hivi, na kwamba mgeni akisumbuliwa ufuoni hatarudi, na mshahara utakatika. Na hilo pia ni kweli. Lakini hoja iliyo nzito kuliko hizo ni ya tatu, isemayo kwamba kitu cha wote huwa hakina mlinzi: mchanga huchotwa, mikoko hukatwa, matumbawe huvunjwa kwa juya, na anayezungushia ukuta angalau hulinda kipande chake. Hoja hii nimeitaamali sana.

Na jibu lake nimelipata kwa watu wa pwani wenyewe, kwani wao hawakuwahi kudhani kuwa kitu cha wote ni kitu kisicho na mlezi. Wavuvi wa Pemba, kizazi baada ya kizazi, wamekuwa wakiufuata msimu mpaka fuo za Kenya na kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, mbali na kwao. Na ada ya dago ni kwamba mgeni hatii nyavu majini kabla ya kuwaendea wazee wa mahali, akajitambulisha, akaambiwa wapi pavuliwe na wapi paachwe. Wazee hao hawakuwa na hati ya bahari. Walikuwa na amana yake, na amana ni jambo zito kuliko milki, kwa sababu mwenye milki huulizwa na sheria tu, ilhali mwenye amana ataulizwa na Mola wake. Kadhalika kaya za Wamijikenda, ile misitu mitakatifu iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008: zimesalimika katikati ya mashamba kwa sababu wazee walikataza kukata hata ukuni mkavu bila idhini. Hata hivyo kaya, pamoja na miiko yake yote, ina njia. Ina njia maalumu na milango maalumu, na aingiaye kwa njia hiyo kwa adabu hana wa kumfukuza. Ulinzi na njia vilikaa pamoja kwa mamia ya miaka, na anayetuambia leo kuwa haviwezi kukaa pamoja hajawauliza wanaojua.

Karibu na Mtwapa ipo Jumba la Mtwana, mji wa mawe ulioishi katika karne ya 14 na kuachwa mapema katika karne iliyofuata. Mmoja katika misikiti yake umejengwa pale pale ufuoni, na nje yake yapo makaburi. Aliyeujenga msikiti huo aliweka mlangoni birika la maji, na kando yake pande la tumbawe la kusugulia miguu. Nimesimama mbele ya pande hilo nikafikiri juu ya nyumba iliyojengwa kwa yakini ya kwamba watu watafika wakiwa na mchanga nyayoni, nayo ikawatayarishia maji. Matajiri wa pale nao walikuwa na fahari yao na kuta zao nene za chokaa. Hatujui hata majina yao.

Wala nisifahamike kuwa nauchukia utajiri au naukataa uzuri. Kuitazama bahari kutoka barazani ni neema, na mtu akijaaliwa nyumba ya namna hiyo na amshukuru aliyemjaalia. Lakini neema ya kutazama haitoki mahali pake kwa kuwa mvuvi amepita ubavuni na nyavu zake. Kusini mwa Mombasa, mwisho wa kaskazini wa ufuo wa Diani, msikiti wa kale wa Kongo ungali ukisaliwa chini ya mibuyu, majumba ya wageni yakiwa jirani, na waumini wanaufikia. Hakuna aliyepungukiwa na mandhari kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wapimao na kugawa ardhi ya mwambao si kuvunja nyumba ya mtu wala kumnyang'anya hati. Ni kwamba kabla ya kupigwa jiwe la mpaka wa kiwanja chochote kinachogusa bahari, ipimwe kwanza njia, na kisima kama kipo, na makaburi kama yapo, viandikwe katika ramani kuwa ni vya watu. Na wakiuliza upana wa njia hiyo, jambo hilo halihitaji tume. Imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba watu wakikhitilafiana juu ya njia, na iwe dhiraa saba, yaani mita tatu na ziada: upana unaowatosha watu wanne wenye jeneza, na mwanamke mwenye ndoo akapishana nao bila kusimama.