Kudumu kwa Faida ya Nani?

Utafiti wangu wa uzamili una swali moja: ubao wa nyuzi za katani na gundi ya mafuta ya maganda ya korosho utadumu muda gani majini? Katani hunywa maji. Hufura ikilowa, husinyaa ikikauka, na kila mara huachana kidogo na gundi. Kwenye ripoti, hiyo ni kasoro.

Nikiwa Mwaloni Kirumba, napata shaka. Miaka ya 1950 nailoni ilishinda nyavu za nyuzi za mimea Ziwa Victoria kwa sababu haiozi. Lakini wavu wa nailoni uliopotea huendelea kunasa sangara na sato wasio na mlaji. Mwenyewe keshausahau, wenyewe bado uko kazini.

Simtakii mvuvi mtumbwi utakaomzamisha, na kinachooza mapema humgharimu zaidi maskini. Wala asili ya mmea si kibali: gundi ya korosho ikishakauka haiozi upesi. Hata hivyo, naamini kitu chema hudumu kadiri ya kazi yake, kisha hupisha. Kupima nguvu zake tu ni kupima nusu.