Peremende Isiyo na Kwao

Huenda msomaji akacheka nikisema kwamba kuondolewa kwa tofi dukani ni suala la maadili. Na acheke, kisha tuendelee.

Supamaketi moja niliyoizoea hapa Uingereza iliuza tofi za siagi zenye jina la duka lenyewe. Sasa rafu ile imejaa peremende za makampuni mashuhuri. Duka lina haki yake: jina linalotangazwa kwenye televisheni hujiuza lenyewe, na hakuna aliyeniahidi kitu.

Lakini bidhaa hizi mbili hazifi kifo kimoja. Duka likiacha chokoleti ya Cadbury, nitaifuata kwa jirani. Likiacha tofi yake, imekwisha duniani; hata kiwanda kilichoipika kwa kawaida hakitajwi kwenye pakiti, basi nikaulize kwa nani? Hapo ndipo ninapoliona deni. Mwenye duka hakutuuzia tofi tu. Alitufundisha kuliamini jina lake kuliko majina ya wengine. Marks & Spencer ilijenga sifa yake hivyo, kwa nembo ya St Michael iliyosajiliwa mwaka 1928. Nayo ilipoingiza vyakula vya makampuni mengine mwaka 2009, haikumtupa Percy Pig, peremende yake ya tangu 1992.

Sidai tofi ziuzwe milele kwa hasara. Ningetaka tangazo tu, kikaratasi kibandikwe rafuni mwezi mmoja kabla, ili yule mzee jirani yangu, asiyekula tofi nyingine, awahi pakiti zake za mwisho.