Mwambie Uko Bondeni

Mama auzaye mahamri Bondeni, Mombasa, akimwambia msaidizi wa akili unde "niandikie tangazo la mahamri," atapewa maneno yanayomfaa muuzaji yeyote, popote. Basi amweleze: "Nauza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, Bondeni, karibu na Barabara ya Abdel Nasser. Wateja wangu ni abiria wa mabasi ya Malindi, wana haraka. Nataka mistari minne ya kutuma WhatsApp. Bei usiitaje, nitaijaza mwenyewe." Hilo la bei lina uzito: mashine hizi zikikosa habari huweza kubuni, na bei ya kubuni huzua ugomvi na mteja.

Lugha nayo itajwe. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita, lahaja ya Mombasa, kikaachwa. Maandishi mengi yaliyofuata, na ambayo mashine zimejifunzia, ni ya sanifu. Inaniuma kuona lahaja yenye utajiri wa mashairi kama Kimvita ikipotea kwenye simu za wenyewe. Kuandika "tumia Kimvita" pekee hakutoshi. Aghalabu utaletewa sanifu iliyonyunyiziwa maneno mawili matatu ya mwambao. Mbandikie msaidizi sentensi kadhaa za jinsi unavyozungumza na wateja wako, umwombe afuate mwendo huo. Akikosea, mwonyeshe neno lenyewe na mnavyolisema nyumbani, kisha aandike upya.