Fungu la Mjane

Mume afapo, je, akipatacho mjane wake ni sadaka au ni haki? Swali hili lawahusu hasa watu wa Kasulu na Kibondo. Zama za ukoloni wanaume wengi wa Buha walikwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Waliobaki wakilima mtama na maharage, wakilea watoto na kuuguza wazee, ni wake zao. Basi shamba aachalo marehemu limelowa jasho la watu wawili.

Hata hivyo, Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimnyima mjane fungu la urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake likawa ni kutunzwa na watoto aliowatunza. Kutunzwa ni jambo jema, lakini aliye tasa atatunzwa na nani?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mjane uhuru wa kukaa apendapo na kuolewa na amtakaye. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Shauri lile lilikuwa la talaka. Nasi twauliza: mchango unaotambuliwa wanandoa waachanapo, wafutwaje na kifo?

Hatusemi ukoo uvunjwe. Twasema mume, angali hai, atoe wosia mbele ya mashahidi, alitaje fungu la mkewe. Kumpa mjane fungu lake si kumhurumia. Ni kulipa deni.